Kikombe cha mahindi na udongo wa Morogoro

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nauza juisi hapa Morogoro mjini: ukwaju, ubuyu, parachichi. Kuna kijana ananiletea vikombe angavu vya kutumia mara moja, chini vimeandikwa PLA. Anasema vimetengenezwa kwa mahindi, na nikivifukia shambani vinaoza vyenyewe ndani ya miezi michache. Bei yake ni karibu mara tatu ya hivi ninavyotumia. Nimwamini? Na lingine: wanasayansi wanapeleka vyombo hadi Mars, wanashindwaje kutengeneza plastiki inayokuwa imara ikiwa kazini na kuoza ikishatupwa? (Mama Juisi, Morogoro)

Jibu:

Marahaba, Mama Juisi. Kuhusu mahindi, kijana wako amesema kweli. Kuhusu shamba ndipo alipokosea, na yaelekea na yeye aliambiwa hivyohivyo na aliyemuuzia. Vikombe hivyo usinunue, angalau kwa sasa. Swali lako la pili umelitupa kama utani, lakini ndilo zito, na la kwanza haliwezi kueleweka bila hilo.

PLA ni kifupi cha asidi ya polilaktiki. Wanga wa mahindi hugeuzwa sukari, sukari ikachachushwa na bakteria hadi ipatikane asidi ya laktiki, ileile inayoyapa maziwa mgando ukali wake. Molekuli za asidi hiyo huunganishwa moja baada ya nyingine mpaka ziwe mnyororo mrefu, na mnyororo huo ndio plastiki. Kiwanda kikubwa cha kwanza cha kazi hii kilianza uzalishaji mwaka 2002 huko Blair, Nebraska, Marekani, katikati ya mashamba ya mahindi. Kwa hiyo chanzo ni shamba kweli.

Tatizo ni kwamba kujua plastiki imetoka wapi hakukuambii itaishia wapi. Brazil wanatengeneza polithini, plastiki ya mifuko ya rambo, kutokana na spiriti ya miwa tangu 2010, na kampuni ya Braskem huiuza kwa wingi. Ukiilinganisha maabara na polithini ya petroli, mnyororo ni uleule, na ikitupwa mtaroni itakaa muda uleule. Upande wa pili kuna plastiki iitwayo PBAT, inayotokana na mafuta ya petroli, nayo huoza vizuri tu kwenye mboji. Mifuko mingi ya taka za jikoni inayotumika Ulaya ni mchanganyiko wa PBAT na wanga. Muuzaji akikuambia "imetokana na mmea" amekujibu swali ambalo hukuliuliza.

Ukitaka kuona kwa macho yako shida ya PLA iko wapi, mwombe kijana kikombe kimoja cha sampuli. Kiweke kwenye sinki, ukimiminie maji yaliyotoka kuchemka. Mdomo utajikunja, ukuta utalegea, kitainama upande mmoja, na kikipoa kitabaki na umbo hilohilo baya. Joto linalokivuruga ni kama nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya hapo minyororo ya PLA imekakamaa, kila mmoja umebanwa mahali pake kati ya wenzake. Ikikaribia hapo inaanza kujongea. (Ndiyo maana shehena ya vikombe hivi ikiachwa kwenye buti ya gari au kontena lililopigwa jua, unaweza kuvikuta vimepinda na kushikana. Hilo nalo kijana hakukwambia, na hasara ingekuwa yako.)

Joto hilohilo ndilo linaloamua kuoza. Ili mnyororo wa PLA ukatike, maji lazima yapenye katikati ya minyororo na kufikia viungo vyake, ambavyo wanakemia huviita esta. Minyororo ikiwa imekakamaa, maji hupenya kwa shida na kukata polepole mno. Ikilegea, maji huingia, viungo hukatika, vipande hupungua urefu mpaka bakteria na kuvu wakaweza kuvila. Sasa udongo wa shamba lako, kina cha jembe, una joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi. Humo kikombe kitakaa miaka. Madaktari wa mifupa wana skrubu za PLA za kushikia mfupa uliovunjika, ambazo huyeyukia mwilini bila kuhitaji upasuaji wa pili wa kuzitoa. Ndani ya mwili kuna nyuzi 37, maji pande zote, usiku na mchana, na bado skrubu hizo huweza kuchukua miaka kadhaa kumalizika. Huko ni joto zaidi na maji zaidi kuliko shambani kwako.

Maandishi yaliyo kwenye boksi la vikombe hivyo mara nyingi si ya uongo. Yananyamazia masharti tu. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 13432 kinataka plastiki ya aina hii igeuke kabonidioksidi kwa asilimia 90 ndani ya miezi sita, na jaribio hufanyika kwenye mboji iliyoshikiliwa karibu nyuzi 58. Hiyo ni mboji ya kiwandani: malundo makubwa, yanapinduliwa kwa mashine, yanapimwa unyevu na joto. Lundo la maganda ya maembe nyuma ya nyumba, hata likifikia joto hilo katikati, ni kwa siku chache, kisha linapoa. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji yeyote ni hili: ni kiwanda gani cha mboji kitakachopokea vikombe vyangu, na kiko wapi? Asipokuwa na jina na mahali, mazungumzo yameisha.

Mwaka 2019 Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walitoa matokeo ya mifuko waliyoiacha udongoni, baharini na hewani kwa miaka mitatu. Mfuko ulioandikwa kuwa unaoza ulikuwa bado unaweza kubeba manunuzi ya dukani baada ya kukaa ardhini na baharini miaka yote mitatu. Ule wa aina ya mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini uliofukiwa ulikuwepo bado baada ya miezi 27, ingawa ukiutia mzigo unachanika. Na hao walikuwa wanapima mifuko, yaani utando mwembamba. Kikombe kina ukuta mnene zaidi.

Kuna ukoo mwingine uukatae hata ukipewa bure: plastiki zinazosifiwa kuwa "zinaoza kwa jua". Hizo ni polithini au polipropilini (plastiki ya ndoo na mabeseni) ya kawaida iliyochanganywa chumvi za metali, kama kobalti au manganizi, zinazoharakisha kazi ya jua na oksijeni ya kukata minyororo. Mfuko unakuwa chengachenga, haukusanyiki tena, na chenga zenyewe zinabaki plastiki. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku sokoni kuanzia Julai 2021.

Sasa habari ya Mars.

Plastiki ili ioze mahali pa kawaida inahitaji mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mnyororo wake uwe na viungo ambavyo maji au vimeng'enya vya bakteria (protini wanazotumia kukatakata chakula) vinaweza kuvikata. La pili, minyororo iwe inajongea katika joto la mahali hapo, ili kinachokata kipate upenyo wa kufika. Ukishika hayo mawili, nusu ya matangazo ya "plastiki rafiki" utayapima mwenyewe.

Polithini, ile ya mifuko ya rambo na madumu, ina la pili na haina la kwanza. Iligunduliwa Machi 1933 Uingereza na Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI, katika jaribio la shinikizo kubwa lililokusudia kitu kingine kabisa. Mnyororo wake ni kaboni kwa kaboni toka mwanzo hadi mwisho, maelfu kwa maelfu, haidrojeni pembeni, basi. Unajongea hata kwenye friza, ndiyo maana mfuko ni laini, lakini hauna hata sehemu moja ambayo kimeng'enya kinaweza kuishika. Kinachoweza kuukata ni jua. Mfuko ulionasa kwenye michongoma huchanikachanika baada ya muda si mrefu. Lakini angalia juu ya nyumba yako: tangi jeusi la maji nalo ni polithini, liko juani miaka nenda rudi, na halijaachia. Kinacholilinda, mbali na unene wake, ni kaboni nyeusi, masizi laini kabisa, ambayo kwenye mabomba meusi ya maji huwekwa kama asilimia 2 tu ya uzito. Inameza miale ya jua kabla haijaufikia mnyororo. Kwangu huo ndio uhondo wa kazi hii: kiini kilekile, kijiko cha kitu kingine ndani yake, na umri unabadilika kabisa.

PET ya chupa za maji na PLA yako ziko kinyume na polithini. Viungo vya esta zinavyo tele, ila minyororo imekakamaa. PET yenyewe huanza kulegea karibu nyuzi 70.

Zipo zenye yote mawili. Zinaitwa PHA, na watengenezaji wake ni bakteria wenyewe, wanaozihifadhi mwilini kama akiba ya chakula. Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliichunguza ya kwanza miaka ya 1920, yaani kabla hata polithini haijajulikana. PHA huoza udongoni na hata baharini, bila kiwanda wala nyuzi 58. Kwa nini basi hunywei juisi humo? Aina yake ya kawaida, PHB, inayeyuka karibu nyuzi 175, na hapohapo inaanza kuharibika, kwa hiyo fundi wa mashine ana nafasi finyu mno ya kuifinyanga. Ikishapoa, fuwele zake, yaani sehemu ambazo minyororo imejipanga kwa kubanana, huendelea kukazana kwa majuma, na kikombe kilichokuwa kizuri kinazidi kuwa kikavu, kikigongwa kinavunjika. Hilo hurekebishwa kwa kuchanganya aina nyingine za mnyororo, lakini gharama haikwepeki: unawalisha bakteria sukari, unawavuna, unawapasua kutoa punje ndani yao, unasafisha. Polipropilini inatoka kwenye mtambo wa mafuta kwa mamia ya maelfu ya tani kwa mwaka. Kwa hiyo hawajashindwa, mama. Wamefika, na wakakuta duka la jirani linauza kwa sehemu ndogo ya bei yao.

Kazi inayonivutia zaidi miaka hii inatafuta kitu tofauti na kuoza: mnyororo unaokatika pale tu unapoamriwa. Mwaka 2021 Stefan Mecking na wenzake wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walichukua malighafi ya mafuta ya mimea na kuunda mnyororo unaokaribiana sana na polithini, ila kila baada ya kaboni kama 18 wakapachika kiungo kimoja kinachokatika. Fikiria tasbihi ndefu ya shanga zilezile, lakini kila baada ya shanga 18 kuna moja yenye bawaba. Kazini inajipanga kama polithini, inavutika, haiingizi maji. Ukiipasha moto ndani ya alkoholi, bawaba tu ndizo zinazoachia, na walipata zaidi ya asilimia 96 ya malighafi ikiwa safi ya kutengenezea plastiki mpya yenye nguvu zilezile. Mwenzangu mmoja kazini anasema ni ghali, na ni kweli kwamba leo ni ghali. Lakini wazo ni sahihi: badala ya kuhangaika na polithini baada ya kuitengeneza bila mlango, weka mlango tangu siku ya kwanza.

Takuzo Aida wa taasisi ya RIKEN, Japani, aliliendea jambo hilohilo kwa njia nyingine. Novemba 2024 kundi lake lilitangaza plastiki iliyoshikamana kwa mvutano wa chumvi, ambayo ikitumbukia kwenye maji ya bahari inaachia ndani ya saa chache. Ni kazi maridadi. Kwa vitu vya kugusana na majimaji itahitaji kupakwa utando wa kuikinga, kwa hiyo wewe mwenye juisi si mteja wake wa kwanza.

Na bakteria wanaokula plastiki? Nilijua utauliza, maana kila baada ya muda natumiwa habari hiyo ikiwa na kichwa cha kuwa tatizo limekwisha. Bakteria wapo. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walimtangaza Ideonella sakaiensis, waliyempata kwenye eneo la kurejelezea chupa katika mji wa Sakai. Alimaliza utando mwembamba wa PET kwa majuma sita, kwenye nyuzi 30. Lakini ulikuwa utando uliolegezwa makusudi, usio na fuwele nyingi. Chupa ya dukani imekazwa zaidi. Kampuni ya Carbios ya Ufaransa pamoja na watafiti wa Toulouse walichukua kimeng'enya kingine, kilichotoka kwenye mboji ya majani, wakakinoa mpaka mwaka 2020 wakaonyesha kinavunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10. Kwenye joto gani? Nyuzi 72. Umeona? Ni palepale PET inapolegea. Na kabla ya hapo plastiki huyeyushwa, hupozwa ghafla na kusagwa unga. Ni teknolojia ya kweli, ya ndani ya tangi la kiwanda. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam hautasafishwa na kimeng'enya. Hauna nyuzi 72.

Turudi Morogoro, maana huku ndiko vikombe viliko. Utafiti wa Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Law, uliochapishwa 2017, ulikadiria kuwa katika taka zote za plastiki duniani hadi 2015, zilizorejelezwa zilikuwa asilimia 9 tu. Watu hudhani sababu ni uvivu wa kukusanya. Kwetu makopo yanaokotwa kwa bidii kuliko miji mingi tajiri, kwa sababu ni ugali wa mtu. Kinachokwamisha sana ni kwamba plastiki hazichanganyikani, na sisi watengenezaji tumekuwa tukizichanganya bila aibu.

Fanya jaribio la pili. Katakata chupa ya maji, kifuniko chake, na ule mkanda wa kifuniko unaobaki shingoni. Tupia vyote kwenye ndoo ya maji na ukoroge. Chupa, ambayo ni PET, inazama. Kifuniko na mkanda wake, polithini ngumu au polipropilini, vinaelea. Viwanda vya kusaga hutenganisha hivyohivyo, kwa maji. Sasa katia na kipande cha kile kikombe cha PLA. Kinazama na PET, na kikiwa chenga angavu, jicho halikitambui. Vinaenda pamoja kwenye kikaushio, kwa sababu PET ikiyeyushwa na unyevunyevu maji hukata esta zake, na ili kuepuka hilo hukaushwa kwa saa kadhaa karibu nyuzi 160. Kwenye joto hilo PLA ni gundi. Inashika chenga za PET mabonge, mashine inaziba. Zinazopita zinaingia kwenye joto la nyuzi 250 na zaidi, PLA inaungua na kuacha ukungu na unjano kwenye mzigo mzima. Kikombe chako cha "mazingira", kikiokotwa na kijana mwenye kiroba, kinaweza kuharibu gunia la chupa nzuri. Hiyo, kwangu, ni sababu kubwa ya kukikataa kuliko hata bei.

Zinazoelea nazo zina ugomvi wao. Polithini na polipropilini zinafanana, zinaelea pamoja, lakini zikiyeyushwa kwenye chungu kimoja kila moja hujikusanya upande wake. Chukua beseni la bei rahisi lililopasuka ukingoni, utazame mpasuko. Ukiona limeachana tabaka tabaka, na ukucha wako unaweza kubandua tabaka moja, huenda ni mchanganyiko huo. Mwaka 2017 makundi ya Geoffrey Coates wa Cornell na Frank Bates wa Minnesota, Marekani, yalitengeneza mnyororo wenye sehemu za polithini na sehemu za polipropilini kwa zamu. Sehemu moja inazama upande huu, nyingine upande ule, na mshono unashonwa. Asilimia 1 tu ya mnyororo huo iliugeuza mchanganyiko dhaifu ukawa plastiki ngumu inayovutika. Viungo vya kushonea vya aina mbalimbali sasa vinauzwa viwandani, na kwa bara letu naona ndiyo sayansi itakayolipa mapema kuliko plastiki za kuoza.

Mpaka hapo, unene ndio unaosamehe. Jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndala kuukuu, lilisafiri hadi Unguja mwaka 2019. Mbao zake za plastiki ni nene, kwa hiyo dosari ndogo ndani yake haileti maafa. Kikombe chenye ukuta wa chini ya milimita moja hakina msamaha huo. Nairobi, Nzambi Matee, aliyepewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya vijana mabingwa wa dunia mwaka 2020, anachanganya plastiki na mchanga kupata matofali ya kutandika chini. Nasifu kwa plastiki ambazo hazina mnunuzi mwingine. Kuipeleka huko chupa safi ya PET ni kupoteza, kwa sababu ikishashikana na mchanga hairudi tena kuwa chupa. Kuhusu pakiti za tabaka nyingi, plastiki na karatasi ya alumini na plastiki tena, sina la kukufariji: zimegandishwa ziwe ngumu kutenganishwa. Viwanda vinajaribu kuhamia pakiti za plastiki ya aina moja, na hilo linastahili kuungwa mkono.

Basi ufanye nini kesho asubuhi? Pindua kikombe unachotumia sasa utazame namba ndani ya pembetatu. Namba hiyo inakutajia aina ya plastiki tu. Haina maana kwamba kitarejelezwa. Ikiwa 6, ni polisitirini, nyepesi, inavunjikavunjika, wanunuzi wake ni wachache: iache. Ikiwa 1 ni PET, ambayo ni nzuri ikiwa chupa, lakini wasagaji wengi wa chupa hawapendi vikombe vyake kwa kuwa ni vyembamba na hutoa vumbi jingi kwenye kinu. Ikiwa 5 ni polipropilini, nami ndiyo ningeichagua. Inayeyuka karibu nyuzi 160, kwa hiyo unaiosha kwa maji ya moto bila kulegea, na mafundi wa ndoo na mabeseni wanaijua. Ila ukiiangusha ikiwa imetoka kwenye friza, inaweza kupasuka. (Mifuko mbadala ya sokoni, ile laini kama kitambaa iliyoingia baada ya katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019, mingi ni polipropilini hiyohiyo. Faida yake iko katika kuitumia mara nyingi. Ukiitupa baada ya safari moja, umetupa plastiki nyingi kuliko rambo.)

Kwa wateja wanaonywea hapohapo, nunua vikombe vya polipropilini vinene, vya kuosha. Kwa wanaoondoka, jaribu amana: mteja anaacha shilingi kadhaa juu ya bei ya juisi, akirudisha kikombe anarudishiwa. Anza na wateja unaowajua kwa majina, wa ofisi za karibu. Wasiorudisha wamekilipia kikombe.

Ukilazimika kununua vya kutumia mara moja, chukua vya namba 5, angavu au vyeupe, visivyo na rangi nzito wala picha iliyochapishwa mwilini, maana wino hauondoki na mzigo wote unaishia kuwa plastiki ya rangi ya tope. Kifuniko kiwe cha namba ileile ya kikombe. Jina la biashara yako usibandike kwa stika ya gundi. Ligonge kwa muhuri kwenye mkanda wa karatasi unaovuliwa. Na kabla hujaagiza maboksi, mpelekee kimoja yule kijana anayeokota makopo mtaani kwako, umuulize kama ananunuliwa mzigo wa namna hiyo na kwa bei gani kwa kilo. Akisema hanunuliwi, hata kama mimi nimesema ni kizuri, tafuta kingine.